Msiba wa Kujitakia Nao Una Kilio

Mama huyo aliingia chumbani kwangu, akatoa bahasha ya kaki mkobani na kuiweka mezani bila kusema neno. Ndani mlikuwa na nywele zake za siku mbili, alizozikusanya kwenye kitana, kwenye mto na sakafuni bafuni. Alikuwa na miezi minne tangu afanyiwe upasuaji wa kupunguza tumbo. Kilo 26 zilikuwa zimeondoka, magoti yametulia, sukari imeshuka, na ngazi za ofisini alizipanda bila kusimama njiani kushika ukuta. "Watu wananiambia nishukuru," akasema. "Nashukuru. Lakini usiku nalilia nywele kama mtoto."

Akaniambia pia kwamba alipomlilia dada yake kwenye simu, alijibiwa kwa methali: msiba wa kujitakia hauna kilio. Tangu siku hiyo hakumwambia mtu mwingine. Alianza kukusanya nywele.

Habari zake nimezichanganya na za wengine kadhaa ninaowaona kama mwanasaikolojia kabla na baada ya upasuaji huu, ili asitambulike. Sikupata shida kuzichanganya, kwa kuwa zinafanana. Upasuaji ambao zamani ulimlazimu mtu kusafiri hadi India au Afrika Kusini sasa unafanyika Dar es Salaam na Nairobi, na wanaofanyiwa huambiwa mengi kuhusu kidonda, supu na vidonge. Kuhusu nywele huambiwa sentensi moja, mara nyingi siku ambayo akili yao iko kwenye kisu. Tafiti zikijumlishwa, zaidi ya nusu ya waliofanyiwa hunyonyoka nywele, na wanawake ndio wengi. Jambo linalompata mtu mmoja kati ya wawili lilistahili zaidi ya sentensi moja.

Tuanze na nywele zenyewe, maana hofu hupungua mtu akishaijua kalenda yake. Kichwa cha mtu mzima kina nywele kama 100,000. Kila unywele hukua kwa miaka miwili hadi saba, kisha mzizi hulegea, unywele ukapumzika kama miezi mitatu, ndipo hudondoka na kumwachia nafasi mwenzake anayeota chini yake. Kwa kawaida karibu tisa katika kila kumi ziko kazini na moja imepumzika. Ndiyo maana kupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku si ugonjwa. Ila mwili ukishtuka, iwe kwa homa kali, kujifungua, upasuaji au chakula kupungua ghafla, hufanya kama mwenye duka aliyeishiwa mtaji: hukata kwanza matumizi yanayoweza kusubiri. Moyo hausubiri, ubongo hausubiri. Nywele zinaweza kusubiri. Hata theluthi ya nywele zote huweza kupelekwa mapumzikoni kwa mkupuo, na miezi miwili hadi minne baadaye zikadondoka kwa mkupuo vilevile. Madaktari wa ngozi huiita hali hii telojeni efluviamu, jina lililotolewa na Albert Kligman wa Marekani mwaka 1961. Kinamama waliozaa wanaijua bila jina lake; ni ileile inayowakuta mtoto akiwa na miezi mitatu au minne.

Sasa tazama kalenda hiyo inamwambia nini mama mwenye bahasha. Unywele alioukuta leo kwenye mto haukuachiliwa leo. Uliachia mzizi siku zilezile za upasuaji, ukakaa kichwani ukisubiri zamu yake ya kuanguka. Kwa hiyo kujilaumu kwa shampuu ya juzi, kwa kilemba, kwa mawazo ya wiki hii, ni kumkamata asiyehusika. Na mzizi wenyewe haujafa. Wimbi hili kwa kawaida huchukua miezi mitatu hadi sita, kisha nywele huota upya, kama sentimita moja kwa mwezi, na kwa nywele zetu za kipilipili mara nyingi pungufu kidogo ya hapo.

Kiswahili chetu hapa kinatuchanganya. Sote husema "nywele zinakatika", hata zinapong'oka. Uchukue unywele mmoja uutazame kwenye mwanga. Ukiwa na kinundu cheupe mwishoni, umetoka na mzizi wake wa zamani, na huu wa mshtuko ni wa namna hiyo. Usipokuwa nacho, umekatika njiani, na hapo wa kuulizwa ni dawa ya kulainisha, pasi ya nywele au msuko uliovutwa mno. Nimewaona waliokuwa na yote mawili kwa pamoja, kwa kuwa mtu akiona kichwa kinaonyesha ngozi hukimbilia kusuka rasta nzito ili kufunika. Rasta huvuta mizizi iliyokwisha kulegea, na nywele za kwenye paji na kando ya masikio zikivutwa kwa miaka huweza kugoma kurudi kabisa. Wigi jepesi, kitambaa, au msuko mlegevu wa nywele zako mwenyewe havina kesi hiyo.

Na kuna siku moja ambayo huwaangusha watu kuliko zote: siku ya kufumua. Mtu mwenye afya tele akikaa na msuko wiki nne, nywele anazopoteza kila siku hubaki zimenaswa humo. Zidisha 50 hadi 100 kwa siku 28, unapata nywele 1,400 hadi 2,800, na zote zitaonekana kwa saa mbili, mapajani mwake. Kwa aliye katikati ya wimbi ni nyingi zaidi. Ukizijua hesabu hizi mapema, fundo linalokwea kooni hapo saluni huenda lisikutoe machozi mbele ya watu.

Lakini hesabu haimalizi kilio, na nisingependa kujifanya kwamba inamaliza. Wateja wangu wengi waliielewa kalenda hii vizuri kuliko mimi na bado waliendelea kuamka saa tisa usiku. Kinachowaumiza zaidi ni macho ya watu.

Sisi watu wa ukanda huu tunasoma mwili wa mwenzetu kwa kamusi ya zamani. "Umenenepa" kwetu ni salamu ya heri. "Umepungua" huulizwa kwa sauti ya chini, na mara nyingi mwenye kuuliza anakutazama machoni akitafuta kitu. Kamusi hiyo iliandikwa kwa machozi. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini Tanzania waliripotiwa Kagera mwaka 1983, na ng'ambo ya mpaka, Uganda, ugonjwa wenyewe uliitwa "Slim", yaani kukonda. Waliokuwa watu wazima miaka ile walizika ndugu ambao kwanza walikonda, kisha nywele zao zikawa laini, chache, kama za mtoto mchanga. Leo mwenye virusi anayetumia dawa zake vizuri anaweza kuwa mnene kuliko jirani anayemsengenya, lakini kamusi haijarekebishwa. Kwa hiyo mtu akishuka kilo 26 katika miezi minne na nywele zikaonyesha ngozi, mtaani tayari ana jina la ugonjwa. Akikwepa Ukimwi hupewa saratani.

Na wengi walifanyiwa upasuaji kwa siri. Walimwambia mume au mama tu, kazini wakaaga kwamba wana hernia. Mtu wa namna hiyo yuko katika mtego mgumu: akinyamaza anazikwa akiwa hai, akisema anaambiwa alikuwa mvivu wa kufanya mazoezi, amenunua wembamba kwa mamilioni. Halafu yeye mwenyewe, ndani yake, anasikia sauti ya dada: ulijitakia. Ndipo anapoona haya hata kumwambia daktari, maana anahisi anadai kurudishiwa bidhaa.

Hapa ndipo ninapobishana na methali. Aliyechagua kupona kisukari hakuchagua kunyonyoka. Unaweza kufurahia magoti na kulilia nywele siku hiyohiyo, na wala kimoja hakikani kingine. Bibi harusi hulia akitolewa kwao, na hakuna anayemwambia basi asiolewe. Kwa hiyo jambo la kwanza ninalomwomba mtu ni kulia kwa heshima zake: atenge muda, pengine na mtu mmoja anayemwamini, aseme nywele zile zilikuwa nini kwake. Kwa mama yule, mama yake mzazi alikuwa akimsuka kila Jumapili jioni kabla ya shule. Alipoyasema hayo, tulijua kwamba bahasha ilikuwa na zaidi ya nywele.

La pili ni kuandaa jibu kabla ya swali. Jibu fupi, la kweli, lisilofungua mlango usioutaka: "Nipo kwenye matibabu, yanakwenda vizuri, nywele zitarudi." Ukimwambia shangazi hivyo kwa tabasamu, kisha ukamuuliza habari za mahindi yake, kwa kawaida yanaishia hapo. Uongo siupendekezi, na sababu yangu si ya kimaadili sana: uongo unahitaji kumbukumbu, na mtu aliyechoka hana. Huna deni la kumweleza kila mtu tumbo lako. Lakini msusi wako mwambie, tena kabla hajakushika kichwa. Yeye ndiye wa kwanza kuona, na akishajua atakuketisha kona isiyo na watu, atafumua taratibu, atakemea wanaochungulia. Wasusi hutunza siri nyingi kuliko sisi wenye vyeti ukutani.

La tatu, acha kuhesabu. Kukusanya nywele kila siku ni kama kujipima uzito kila saa. Hofu hulishwa ikanenepa, na unene wake hauna upasuaji. Piga picha moja kwa mwezi, mahali palepale, kwenye mwanga uleule. Kati ya picha na picha, bahasha ifungwe.

Wapo wanaoamua kunyoa zote, na hilo nalo lina kamusi yake, kwa kuwa mahali pengi mwanamke aliyenyoa huulizwa nani amefariki. Ila wanawake wengi wa Tanzania waliosoma shule za serikali walipita na nywele fupi miaka yote ya sekondari, na waliozoea tena husema kichwa kimewarudisha kidato cha pili. Wanaume huvuka kirahisi hapa. Akinyoa upara, anaulizwa tu jina la kinyozi.

Kuhusu chakula nitasema machache, kwa kuwa mtaalamu wa lishe ndiye mwenye shamba hilo. Nywele hujengwa kwa protini, na waliofanyiwa upasuaji huu kwa kawaida huelekezwa kula gramu 60 hadi 80 kwa siku. Yai moja lina kama sita. Dagaa wakavu ni hazina isiyosifiwa: katika gramu 100 za dagaa, protini hukaribia gramu 60. Shida ni kwamba tumbo jipya halizidi sana kikombe kidogo cha chai, na sisi tumelelewa kula ugali kwa kitoweo. Sasa ni kinyume: kitoweo kwanza, ugali ukibaki na nafasi. Chai ya rangi isogezwe mbali na mlo, inazuia madini ya chuma. Vidonge ulivyoandikiwa havina likizo. Na ukikuta rafiki anakusukumia bayotini ya dukani kwa dozi kubwa, jua kwamba haisaidii sana asiyepungukiwa nayo, na inaweza kupotosha vipimo vya moyo na vya tezi ya shingo. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa onyo hilo mwaka 2017. Vitamini A ikizidi huangusha nywele. Zinki ikizidi huifukuza shaba mwilini. Kwa hiyo kupima damu kwanza ni nafuu kuliko kununua.

Rudi hospitali kama kunyonyoka kumeanza baada ya miezi sita, kama kumepita mwaka mzima, kama nywele zinatoka kwa mabaka au nyusi nazo zinaondoka. Kutapika kusikokoma na miguu kufa ganzi hakungoji tarehe ya kliniki. Nenda siku hiyohiyo. Na kama huzuni imefika wiki mbili bila kupungua, umeacha kutoka nyumbani, umeacha kula kwa makusudi, au umeanza kufikiri kwamba ingekuwa bora usiwepo, usisubiri nywele ziote. Hilo linatibiwa peke yake, na linatibika.

Mama wa bahasha alirudi mwezi wa kumi na moja baada ya upasuaji, safari hii na dada yake. Madini ya chuma katika damu yake yalikuwa yamepanda, na kichwani alikuwa na msuko wa mistari sita tu, mipana, isiyovutwa, iliyolala kuelekea kisogoni. Ule mtindo wetu wa haraka unaoitwa twende kilioni. Nilimuuliza kama aliuchagua kwa makusudi. Akasema nywele bado ni fupi, msusi hakuwa na jinsi nyingine. Kisha akamtazama dada yake, akacheka hadi akashika meza: "Huyu alisema hauna kilio. Mimi nimekwenda, na nimerudi."