Nati Iliyofunguliwa kwa Ghalati (Sehemu ya Pili)

Sehemu iliyotangulia tulieleza jinsi ya kubadilisha oili ya injini nyumbani. Leo tuitazame ghalati iliyo mashuhuri katika kazi hiyo, hasa kwa wenye Subaru, ambao chini ya magari yao nati ya kumwagia oili ya injini na ile ya giaboksi hazitengani sana, hata mtu aliyejilaza uani kwake Liwatoni, tochi mkononi, akaifungua hii akidhani ni ile, kisha akaitia injini oili mpya juu ya ya zamani na kushika njia. Akifika kwenye foleni ya feri ya Likoni, injini yanguruma na gari haliendi.

Hofu inayomwingia hapo ina sababu, lakini yataka kipimo. Katika giaboksi ya otomatiki oili hailainishi tu: pampu huisukuma kwa nguvu, na nguvu hiyo ndiyo inayozibana plati za klachi zikashikana; oili hiyo hiyo huchukua joto. Ikipungua, pampu hunyonya hewa, plati huteleza, zikaungua. Hata hivyo giaboksi ya lita 9 hivi, nati ikifunguliwa, hutoa takriban lita 4, kwani nyingine husalia ndani ya toki konveta na mirija ya kupozea. Basi aliyezima mara tu gari lilipoteleza ana matumaini makubwa kuliko aliyelilazimisha kwa kukanyaga mafuta mpaka harufu ya kuungua ikapanda.

Ajabu ni kuwa wengi huililia giaboksi wakaisahau injini, ambayo wakati huo imejazwa maradufu, krankishafti ikiichapa oili mpaka ikatoa povu, na povu halilindi chuma. Ipunguzwe kwanza kabla ya kuwashwa tena.

Giaboksi nayo itiwe oili iliyoagizwa na kitabu cha gari, si yoyote iliyoko rafuni. Ya CVT ina oili yake mahsusi. Baada ya mwendo mfupi sampu ifunguliwe, sumaku zake zitazamwe: tope laini la kijivu ni uchakavu wa kawaida, vipande vya chuma ni ushahidi wa madhara, na hapo dawa za chupa hazifai kitu.

Mwenye gari lililokwama asikubali kuvutwa kwa kamba. Pampu huzungushwa na injini, hivyo magurudumu yakizunguka injini imezimwa, giaboksi husagika bila oili. Na Subaru, ambalo aghalabu magurudumu yake yote manne huendeshwa, lipakiwe zima juu ya lori.

Makala yajayo, inshaallah, yatahusu oili ya breki.