Aliyetaka Kufa Anahitaji Nani?

Juma hili naandika juu ya neno ambalo katika vikundi vyetu tunalisema kwa kunong'ona: kujiua.

Mwaka mmoja mwanafunzi wangu alikosa masomo siku nane. Aliporudi, wenzake walihama benchi lake. Mama yake alikuwa amejaribu kujitoa uhai, akaokolewa. Tangu hapo majirani waliacha kumsalimia, na katika likelemba yake wamama walisema: «Huyo ana laana, pesa yetu itapotea.» Mama yule alikuwa hai, lakini mtaa ulikuwa umeshamfanyia kilio.

Hakuna polisi aliyekuja kumkamata. Hukumu tuliitoa sisi wenyewe.

Huko Kenya jambo hili lilifika mahakamani. Kifungu cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai kilisema anayejaribu kujiua ametenda kosa, na aliweza kufungwa hadi miaka miwili. Sheria hiyo ilitoka kwa Waingereza, ambao wenyewe waliacha kuadhibu kosa hilo kwao mwaka 1961. Tarehe 9 Januari 2025, jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba, kwa sababu kinamwadhibu mtu kwa ugonjwa wa akili na kinamnyima haki yake ya afya. Kweli, nani atakimbilia hospitali akijua atatoka huko na pingu?

Wengine wanauliza: «Adhabu ikiondolewa, watu hawatajiua zaidi?» Hata mimi niliuliza hivyo. Lakini aliyekwisha kuchoka na maisha haogopi gereza. Wanaoogopa ni jamaa zake, nao wanamficha mgonjwa ndani. Aibu yetu ya mtaani inafanya kazi ileile. Tunasema uhai ni zawadi ya Mungu. Basi tumlinde anayeshindwa kuubeba.

Shirika la Afya Duniani linahesabu watu zaidi ya 700,000 wanaojiua kila mwaka, wengi wao katika nchi zenye kipato kidogo na cha kati. Kwa vijana wa miaka 15 hadi 29 ni moja ya sababu kubwa za vifo. Hawa ni watoto wetu.

Basi tufanye nini?

Tuangalie alama: mtu anajitenga, halali usingizi, anagawa vitu vyake, anasema «mimi ni mzigo kwenu». Tumuulize waziwazi: «Mama, unawaza kujiua?» Swali hilo halimpandikizii wazo, linampa nafasi ya kusema. Tusimwambie kwamba wengine wana shida kumpita. Tumsikilize, tuondoe karibu naye dawa na vitu vya hatari, tusimwache peke yake, na siku hiyohiyo tumsindikize kituo cha afya. Na siri yake isitembee sokoni.

Mama wa mwanafunzi wangu alipata mtu mmoja tu. Mwenzake wa likelemba alimpelekea bukari na samaki, akakaa naye bila kumhoji. Kesho yake akarudi, na kesho kutwa pia, mpaka wakaenda pamoja kwa muuguzi.

Leo mama yule anauza sokoni. Zamu yake ilipofika alipokea, na akaendelea kulipa mpaka mwisho. Pesa ya likelemba haikupotea.