Tabia, herufi au mhusika? Msamiati wa kuunda wahusika mtandaoni

Kijana wa Busale, wilayani Kyela, akifungua kwa simu ukurasa wa mchezo wenye macho, nywele na mavazi ya kuchagua, huenda akakutana na agizo hili: "Unda tabia yako." Kwa aliyezoea Kiswahili cha darasani, hayo ni maneno ya mwalimu wa maadili, si mwaliko wa kucheza. Ukurasa ulikusudia kumwalika shabiki atengeneze mtu wa kubuni anayefanana na wale wa katuni aipendayo. Neno moja limepotoka, na mchezo mzima umegeuka mawaidha.

Chanzo cha kosa

Neno la Kiingereza character hubeba dhana kadhaa ambazo Kiswahili kimezigawia maneno tofauti. Tatu kati yake ndizo zinazowachanganya wafasiri mara nyingi:

Tabia ni mwenendo au hulka: "Mtoto huyu ana tabia njema."

Herufi ni alama ya maandishi: "Jina lisizidi herufi 12." Pale ambapo tarakimu na alama nyingine huhesabiwa pia, kama katika nywila, ni sahihi zaidi kuandika "alama 12".

Mhusika ni mtu au kiumbe anayetenda katika hadithi, tamthiliya, filamu au mchezo: "Mhusika mkuu ni msichana." Neno hili limetokana na kitenzi husu, kupitia husika. Katika lugha ya ofisini, mhusika ni yule ambaye jambo linamgusa: "Barua akabidhiwe mhusika." Muktadha hutosha kutenganisha matumizi hayo mawili.

Katuni, kikaragosi na avata

Katuni ni mchoro au filamu ya michoro. Aliyemo ndani yake ni mhusika. Ubongo Kids, iliyoanza kurushwa nchini Tanzania mwaka 2014, ni katuni. Kibena ni mhusika wake. Katika mazungumzo watu husema "katuni yule anachekesha", lakini maandishi rasmi yanafaidika kwa kutenganisha kazi na waliomo.

Kikaragosi ni mwanasesere wa maonyesho au picha ya kuchekesha iliyotiwa chumvi. Neno hili huhusishwa na Karagöz, mchezo wa vivuli wa Waturuki, ambao jina lake lina maana ya jicho jeusi. Katika siasa, kikaragosi ni mtu anayeendeshwa na mwingine. Kwa hiyo "tengeneza kikaragosi chako" inafaa kwa mchezo wa dhihaka. Kwa shabiki anayetaka kumuenzi mhusika ampendaye, neno hilo linaweza kusikika kama kejeli.

Avata asili yake ni Kisanskriti, ambamo hutaja kushuka kwa mungu duniani katika umbo fulani. Mtandaoni, avata ni picha inayomwakilisha mtumiaji mwenyewe. Ukitengeneza sura ya kuweka penye akaunti yako, hiyo ni avata. Ukitengeneza mtu wa kuingia katika hadithi, huyo ni mhusika.

Kitenzi kipi?

Kuumba hutumika zaidi kwa kazi ya Mungu, na baadhi ya wasomaji watakwazika kukiona kwenye kitufe cha mchezo. Kubuni hutaja kazi ya akili: kumwazia mtu ambaye hayupo. Kusawiri, ambacho ni ndugu wa sura na taswira, ni kitenzi cha wahakiki: mwandishi humsawiri mhusika wake kwa maneno na matendo. Kufinyanga ni kazi ya udongo, kama wafanyavyo wafinyanzi wa Kikisi wa Ikombe, karibu na Matema. Kwa mchezo wa simu, kingefaa kama sitiari tu. Kuunda, kitenzi cha mafundi wa majahazi, ni kuunganisha sehemu hadi kitu kikamilike. Hicho ndicho anachofanya mchezaji: kichwa, kisha nywele, kisha shati.

Chombo chenyewe kinaweza kuitwa kiunda wahusika, kwa muundo ule ule wa kipaza sauti na kinasa sauti. Wingi wake ni viunda wahusika.

Upatanisho

Hapa ndipo mfasiri hulazimika kuamua jambo ambalo Kiingereza hakimuulizi. Je, kitufe kiandikwe "Mvalishe" au "Kivalishe"? Kiswahili humpa kiumbe hai upatanisho wa ngeli ya kwanza hata jina lake likianza na ki-: "kiongozi amefika", "kifaru amelala". Mwanasesere aliyeanguka ni kitu: "kikaragosi kimevunjika." Akiingia hadithini anasema na kucheka: "kikaragosi anacheka." Mzungumzaji wa Kinyakyusa, ambaye katika lugha yake hutenganisha umundu, yaani mtu, na ikindu, yaani kitu, ataihisi tofauti hiyo mara moja.

Kwa kuwa mchezo unamtaka shabiki ampende aliyemuunda, "Mvalishe", "Mchagulie nywele" na "Mpe jina" ndiyo maelekezo yafaayo. Viambishi hivyo pia havibagui mume na mke, hivyo mfasiri hahitaji kuandika kila sentensi mara mbili.

Majina ya machaguo

Usitafsiri orodha ya rangi na mitindo kabla ya kuuliza watu huitaje. Ngozi ya kahawia isiyokoza ina jina lake: maji ya kunde. Msuko wa mistari inayoelekea nyuma wengi huuita twende kilioni. Mtoto akikuta majina hayo, ataweza kumuunda dada yake au jirani yake bila kukisia.

Kwa ufupi

Si: "Unda tabia yako na kivalishe nguo."
Bali: "Unda mhusika wako, kisha mvalishe."

Si: "Jina la mhusika lisizidi wahusika 12."
Bali: "Jina la mhusika lisizidi herufi 12."

Kabla ya kuidhinisha tafsiri, isome kwa sauti mbele ya mtoto ambaye hajaona ukurasa wa Kiingereza. Akiuliza ni tabia gani anayotakiwa kuiunda, neno bado halijapatikana.