Kabla ya kusema mtoto hana kichwa cha hesabu

Siku tulipokuwa tukipima sakafu ya msikiti wetu ili tununue zulia jipya, nilimwita mwanafunzi wa darasa la tano atusaidie. Nilimwuliza eneo la mstatili hupatikanaje. Akajibu bila kusita, "Urefu mara upana." Nikamwuliza tena: humu ndani itaenea miswala mingapi? Akanyamaza, akainamisha uso. Baba yake, aliyeshika ncha ya pili ya tepu, akasema mbele ya watu kwamba mwanawe hana kichwa cha hesabu.

Neno lile lilinichoma, kwani halikuwa kweli. Mtoto alikuwa na kanuni. Alichokosa ni picha yake akilini. Nilimpa mswala mmoja, nikamwambia aanzie kona ya mbele. Akautandika, akatia alama, akausogeza, hata safu ya kwanza ikatimia: miswala 14. Akapima na upande wa pili, akapata safu 9. Hapo hakuendelea kutandika. Aliinua uso akasema, "126!" Baba yake hakusema kitu. Alimpokea ule mswala, akaukunja taratibu.

Ndugu wazazi, kutambua nafasi ni kujua kitu kiko wapi, kina umbo gani, kitaenea wapi, na kikigeuzwa kitaonekanaje. Jometri yote husimama juu ya msingi huo. Lakini watoto wetu wengi hukutana na maumbo ubaoni tu, yakiwa yamechorwa tayari, ilhali akili ya mtoto hujifunza nafasi kwa mikono na miguu kabla ya kujifunza kwa kalamu.

Nyumbani vifaa havikosekani. Chukueni boksi tupu la sabuni. Kabla ya kulikata, mtoto achore jinsi litakavyoonekana likitandazwa. Likatwe, kisha alinganishe mchoro wake na boksi lenyewe. Akikosea msimcheke, kwani atakapoona kosa lake kwa macho yake ndipo atakapojifunza. Kwenye mkeka wa ukili atafute miraba na pembetatu, aonyeshe na mahali nakshi inapojirudia. Achore pia njia ya kutoka nyumbani hadi msikitini, kisha aieleze njia ya kurudi. Atagundua kwamba mkono wa kulia wa kwenda umekuwa wa kushoto wa kurudi.

Somo kubwa zaidi tunalo kila siku mara tano, nalo ni kibla. Mtoto wa Dar es Salaam huswali akielekea kaskazini, kwa kuwa Makka iko karibu moja kwa moja upande huo. Mwulizeni: aliyeko Kigoma ataelekea wapi? Na aliyeko Cairo? Wekeni ramani mbele yake, aweke rula kutoka kila mji hadi Makka. Ataona kwamba wa Kigoma hupinda kutoka kaskazini kuelekea mashariki, na wa Cairo huelekea kusini-mashariki. Akifahamu jinsi watu wanaotazama pande mbalimbali wanavyoelekea mahali pamoja, ameanza kuielewa pembe.

Tena kila mwaka, tarehe 27 au 28 Mei yapata saa 6:18 mchana, na tarehe 15 au 16 Julai yapata saa 6:27, jua huwa juu ya Al-Kaaba. Saa zetu za Afrika Mashariki ni sawa na za Makka. Simikeni fimbo wima uani. Mtoto asimame kwenye ncha ya kivuli, aitazame fimbo: hapo ameelekea kibla.

Elimu hii si ngeni kwetu. Al-Biruni, aliyezaliwa mwaka 973, alitunga kitabu kizima kuhusu kupima mahali miji ilipo, na katika makusudio yake ilikuwamo kuijua kibla ya mji wa Ghazna. Ibada ilimfungulia mlango wa hesabu.

Basi kabla ya kumhukumu mtoto, mpeni kitu mkononi, mwacheni akadirie, kisha apime mwenyewe. Msiharakishe kumpa jibu. Watoto ni amana, na akili zao ni sehemu ya amana hiyo.

Wabillahi tawfiq.