"Go" si kwenda kila mahali

Juma hili tuanzie Zuzu, kituo cha Reli ya Kati kilicho magharibi ya Dodoma. Mtoto wa huko, kama wenzake wengi nchini, husoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Akiingia kidato cha kwanza, karibu masomo yote humjia kwa Kiingereza. Hapo kitenzi kidogo "go" humtega.

Amefundishwa kuwa "go" ni kwenda. Akikuta "the milk went bad" anaandika: maziwa yalikwenda mabaya. Yalikwenda wapi? Hayakwenda popote, yaliharibika.

Katika mazungumzo ya Waingereza, "go" ikifuatwa na kivumishi haitaji safari. Hutaja badiliko la hali, na mara nyingi hali huwa mbaya zaidi. "Go blind" ni kupofuka. "Go mad", kupata wazimu. "Go bankrupt", kufilisika. Ndoto ikitimia husema "come true". Lakini uchovu na ugonjwa havipatani na "go": husemwa "get tired" na "get ill".

Kiswahili aghalabu hubeba badiliko ndani ya kitenzi chenyewe. Nene huzaa nenepa; refu, refuka; tajiri, tajirika. Hata zuzu, yaani mjinga, limezaa zuzuka. Wakazi wa Zuzu watuwie radhi: jina la mahali si sifa ya watu wake.

Hata hivyo, nasi tunayo "kwenda" isiyo na safari. Tunasema mambo yamekwenda mrama, au yamekwenda kombo. Mrama ni kuyumba kwa chombo baharini, lakini neno hilo limepanda hadi Ugogo kusikokuwa na bahari.

Je, ni jambo dogo? Hasha. Mwanafunzi anayelijua somo lake anaweza kukosa alama kwa kutoelewa swali tu. Mwaka 1982 tume ya elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kitumike kufundishia sekondari. Serikali haikulitekeleza pendekezo hilo.

Basi, ndugu walimu, msifundishe "go" peke yake. Ifundisheni pamoja na neno linaloifuata, na mwanzie kwenye "kwenda mrama", ambako mtoto tayari anaijua njia.