Picha kubwa, bando dogo: namna ya kukata na kupunguza picha za kozi za mtandaoni

Mwalimu aliyeko Chole siku hizi halazimiki kupanda mashua hadi Utende, kisha gari hadi Kilindoni, ndipo apate mafunzo ya kazi. Taasisi ya Elimu Tanzania, TET, ina mfumo wa kujifunzia mtandaoni ambamo walimu husoma moduli za MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania nacho hufundisha kupitia Moodle, programu huria iliyobuniwa na Martin Dougiamas wa Australia na kutolewa mwaka 2002. Waongoza watalii, wavuvi na vikundi vya akina mama nao wanazidi kupata masomo ya aina hii kwa simu.

Kikwazo kinachojitokeza mara nyingi ni picha. Somo linafunguka, maneno yanakuja, halafu kinabaki kisanduku cheupe kinachozunguka. Mwanafunzi anasubiri, anajaribu tena, bando linakwisha kabla hajafika kwenye maswali. Wengi hudhani mtandao ndio mbovu. Wakati mwingine ni kweli, lakini mara nyingi aliyeandaa somo ameweka picha kama ilivyotoka kwenye kamera. Hilo linarekebishika, na halihitaji fundi wa kompyuta.

Picha ina uzito gani?

Picha ya simu au kamera imeundwa kwa nukta ndogo za rangi zinazoitwa pikseli. Simu nyingi za sasa hupiga picha yenye pikseli 4000 kwa upana na 3000 kwa urefu, yaani pikseli milioni 12. Faili moja la namna hiyo huweza kufika megabaiti 4.

Tuchukue somo lenye picha 20. Hizo ni megabaiti 80. Kwa mtandao unaoleta megabiti 1 kwa sekunde, picha hizo peke yake zinahitaji sekunde 640, yaani zaidi ya dakika 10. Sasa punguza kila picha ifike kilobaiti 100. Jumla inakuwa megabaiti 2, na zinafika kwa sekunde 16 hivi. Kozi ya masomo 10 inatoka megabaiti 800 hadi 20. Kwa mtu anayenunua bando la siku, hapo ndipo inapoamuliwa kama atamaliza kozi au ataiacha njiani.

Je, picha itaharibika? Kwenye kioo cha simu, hapana. Simu nyingi huhesabu upana wa ukurasa kuwa pikseli 360 hivi, na kwa kuwa kioo chenyewe kina nukta mara mbili au tatu ya hizo, picha inayohitajika ni ya upana wa pikseli 720 hadi 1080. Zile 4000 zote zinalipiwa, zinapakuliwa, kisha simu inazibana zikae kwenye nafasi ya 720. Isitoshe, picha ya pikseli milioni 12 ikifunguliwa hula megabaiti 48 hivi za kumbukumbu ya simu, ndiyo maana simu ndogo hukwama.

Kuna jambo linalowachanganya wengi. Ukiwa unaandaa somo, ukashika kona ya picha na kuivuta iwe ndogo, faili halijapungua. Umepunguza nafasi inayochukua machoni tu. Mwanafunzi bado anapakua megabaiti zote 4. Picha inatakiwa ipunguzwe kabla ya kupandishwa.

Kukata: kwanza jua unafundisha nini

Kupunguza na kukata ni kazi mbili tofauti. Kupunguza ni kuifanya picha nzima iwe na pikseli chache. Kukata ni kuondoa sehemu ya picha na kubakiza ile unayoihitaji. Fanya kukata kwanza, kisha kupunguza. Ukianza kupunguza, sehemu utakayobakiza itakuwa na pikseli chache mno na itaonekana na ukungu.

Chole ina mafundi wa vyombo vya baharini, basi tutumie mfano wao. Umepiga picha ya jahazi likiwa kwenye matengenezo ufukweni. Chombo ni kirefu, hivyo umepiga picha pana ambayo upana wake ni mara tatu ya urefu. Kwenye kompyuta inapendeza. Kwenye simu iliyoshikwa wima, upana ni 360, kwa hiyo urefu wa picha unabaki 120. Fundi anakuwa kama siafu, na tezo mkononi mwake haionekani kabisa.

Picha ya uwiano wa 16 kwa 9, ule wa televisheni, ingepata urefu wa 202. Ya mraba ingepata 360. Ya 4 kwa 5, iliyosimama kidogo, ingepata 450. Ndiyo maana kwa wanafunzi wa simu, picha ya mraba au iliyosimama huonyesha mengi zaidi. Ikiwa somo ni la kutia kalafati, kata ubaki na mikono, kifaa na ule mwanya kati ya mbao mbili. Ikiwa somo ni la umbo la chombo kizima, acha picha pana, lakini weka ya pili chini yake inayoonyesha kwa karibu mkuku au mataruma. Picha mbili nyepesi zinafundisha kuliko moja nzito.

Mfano wa pili ni papa potwe, ambaye huonekana kwa wingi upande wa Kilindoni kati ya Oktoba na Machi. Watafiti humtambua potwe mmoja mmoja kwa madoa yake, hasa yale ya ubavuni nyuma ya matamvua, na kwa kawaida hutumia ubavu wa kushoto. Mtu asiyejua hilo atakata picha ibaki kichwa na mdomo mkubwa kwa sababu ndio unaovutia. Atakuwa amekitupa kile kile ambacho mwongoza watalii alitakiwa ajifunze kukisoma.

Mfano wa tatu ni magofu ya Chole, yaliyobaki tangu enzi ambazo mji huu ulikuwa makao ya utawala kabla hayajahamia Kilindoni. Kuna kuta zilizoshikwa na mizizi ya miti. Ukimkata mtu aliyesimama kando ya ukuta ili picha iwe safi, mwanafunzi hatajua tena ukuta una kimo gani. Mtu yule alikuwa kipimo.

Tahadhari pia na ukweli. Picha ya visiki vya mikoko ikikatwa upande wenye miche iliyopandwa upya, inasimulia habari nyingine kabisa. Kabla ya kukata, jiulize kama aliyekuwapo siku ile angekubali kwamba picha iliyobaki ni ya haki.

Kioo kinabadilika, picha ijipange

Somo moja linafunguliwa kwenye simu, tableti na kompyuta. Kozi nzuri hujipanga kulingana na kioo, na picha nazo zinatakiwa zifanye hivyo. Njia ya kawaida ni kutengeneza nakala tatu za picha moja: ya upana wa pikseli 400, ya 800 na ya 1600. Kwenye msimbo wa ukurasa kuna sifa iitwayo srcset, ambayo huorodhesha nakala hizo na upana wake. Kivinjari cha mwanafunzi hutazama ukubwa wa kioo chake, kikachagua nakala moja inayotosha na kuziacha nyingine. Mwenye simu ndogo hapakui ya kompyuta.

Kama mfumo wako hauruhusu kugusa msimbo, weka nakala moja ya upana wa 1000 hadi 1200. Itatosha simu nyingi, na kwenye kompyuta itaonekana vizuri.

Jihadhari na mifumo inayokata yenyewe. Picha ya jalada la kozi mara nyingi hukatwa na mfumo ili ijae kwenye kisanduku, na kwa kawaida hubakiza katikati. Kama mwalimu amesimama pembeni mwa picha, atatokea nusu uso. Kwa hiyo jambo la maana likae karibu na katikati, na pawe na nafasi ya kutosha pande zote.

Aina ya faili na maandishi

Kwa picha za kamera, tumia JPEG yenye ubora wa asilimia 70 hadi 80. Chini ya hapo, anga na bahari huanza kuonyesha vipande vipande. Hifadhi picha mama bila kuigusa na ufanyie kazi nakala, kwa sababu JPEG hupoteza kidogo kila inapohaririwa na kuhifadhiwa upya. Kwa michoro yenye mistari na rangi chache, PNG ni bora. WebP, aina iliyotangazwa na Google mwaka 2010, sasa inasomwa na vivinjari vyote vikubwa. Google wenyewe wanasema ni nyepesi kuliko JPEG kwa asilimia 25 hadi 34 kwa ubora unaolingana.

Programu za bure zipo. GIMP hufanya kazi kwenye kompyuta, Squoosh hufanya kazi ndani ya kivinjari, na sehemu ya kuhariri iliyomo kwenye simu inatosha kwa kukata.

Usiandike maelezo ndani ya picha. Chukua mchoro wa upana wa 1600 wenye herufi za kimo cha pikseli 32. Ukibanwa kwenye simu ya 360, herufi zinabaki na kimo cha pikseli 7. Hakuna atakayezisoma. Weka namba kwenye mchoro, 1, 2, 3, kwa ukubwa wa kutosha, kisha andika maelezo chini yake kama maandishi ya kawaida.

Ulichokata kimeondoka kweli?

Hili linagusa usalama wa watu. Ukikata picha ndani ya Word au PowerPoint, kwa kawaida sehemu iliyokatwa bado imo ndani ya faili. Anayepokea anaweza kuirudisha kwa kubofya mara chache. Kama ulikata ili kuficha sura ya mtoto, hujaificha. Kata kwanza kwa programu ya picha, hifadhi, ndipo uweke kwenye somo.

Mwezi Machi 2023 iligundulika kwamba hata kifaa cha kuhariri picha kwenye simu za Google Pixel kilikuwa kinaacha mabaki ya sehemu iliyokatwa ndani ya faili, na kifaa cha kunasa picha za kioo cha Windows kilikuwa na kasoro kama hiyo. Zilirekebishwa, lakini picha zilizokwisha kusambazwa zilibaki vilevile. Hapa kwetu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023. Picha ya mtu anayetambulika ni taarifa yake, hivyo omba ridhaa, na kwa mtoto omba kwa mzazi au mlezi.

Kumbuka pia kwamba picha ya simu huweza kubeba mahali ilipopigwa. Picha ya kiota cha kasa kisiwani Juani ikiwekwa na taarifa hizo, inamwelekeza mwizi wa mayai hadi mlangoni. Ziondoe, au zima huduma ya mahali kabla ya kupiga.

Maneno kwa asiyeona picha

Kila picha ya kozi ina nafasi ya kuandikiwa maelezo mbadala. Hayo ndiyo husomwa kwa sauti na simu ya mwanafunzi asiyeona, na ndiyo hutokea picha ikishindwa kufunguka. Sisi wa redio tumezoea kazi hii. Usiandike "picha 3". Andika: "Fundi ameinama ubavuni mwa mashua, anajaza pamba kwenye mwanya kati ya mbao mbili." Sentensi moja kama hiyo inatosha.

Kabla hujachapisha

Chukua simu ya bei nafuu, zima waifai, weka bando la kawaida, kisha fungua somo lako tangu mwanzo hadi mwisho. Angalia salio la bando kabla na baada. Shika simu wima, halafu ilaze. Tazama kama kila picha inatokea, kama jambo unalofundisha linaonekana bila kukuza kwa vidole, na kama herufi zinasomeka. Ukiweza, mpe mtu mwingine aliye mbali na mnara afanye vivyo hivyo. Picha yoyote itakayomfanya asubiri, ipunguze tena. Na ile ambayo hawezi kusema inafundisha nini, iondoe.