Mgeni Akija Garissa, Malka Ziwe Wazi

Mgeni anayetoka Nairobi husafiri takriban kilomita 370 kabla ya kuvuka daraja kutoka Madogo na kuingia mjini Garissa. Baada ya saa nyingi za nyika kavu, anakutana na migomba, miembe na Mto Tana, mrefu kuliko mito yote nchini. Mara nyingi sisi wenyeji ndio wa kumwonyesha yaliyopo, kwa hivyo tuyajue.

Umbali wa kilomita chache kusini mwa mji ni hifadhi ya jamii ya Bour-Algi. Twiga wa huko ni wa aina inayoitwa pia twiga wa Kisomali, na wanaishi jirani na wafugaji. Mgeni aende asubuhi mapema au jioni, jua likiwa limepoa. Asiwafukuze ili apate picha.

Soko la mifugo ni kivutio kingine, ingawa wengi wetu hatulioni hivyo kwa sababu tumelizoea. Hapo mgeni ataona ng'ombe, ngamia na mbuzi, na kazi ya dalali ambaye hupatanisha bei na kumdhamini muuzaji kwamba mnyama si wa wizi. Aombe ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha, hasa akina mama. Kisha apelekwe akaonje nyirinyiri na chai ya maziwa ya ngamia.

Mtoni, tahadhari. Kuna mamba na viboko, kwa hivyo kuogelea hapana, hata kama maji yanaonekana matulivu. Tena mto unaweza kufurika hapa bila mvua kunyesha Garissa, kwa kuwa maji hutoka nyanda za juu na mabwawa kama Masinga yakijaa hufurika kuja kwetu. Aprili 2024 boti ilipinduka kwenye mafuriko upande wa Madogo na watu wakafa maji. Msimu wa mvua, ulizia hali ya barabara na mto kabla ya kumwalika mtu.

Lipo jambo ambalo mgeni halioni. Twiga na mifugo hufika mtoni kupitia malka, zile njia zilizoachwa wazi kati ya mashamba. Mashamba yanavyopanuka, malka zinabanwa. Ikizibwa, mnyama hatakaa na kiu. Atapita shambani, ale maembe, na hapo ugomvi unaanza. Mwenye shamba anaingia hasara, mfugaji analaumiwa, twiga anaumizwa. Kumjeruhi au kumuua ni kosa chini ya Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013, na hifadhi bila twiga haina wa kuitembelea.

Kwa hivyo unayepanga kuongeza ua au kuchimba mtaro kando ya mto, zungumza kwanza na wazee wa eneo lako. Wao wanajua malka inapita wapi, hata pale ambapo nyasi zimeifunika.